Niliyoyasema Kaka Akiwa Ameshika Kioo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kabla hujaanza kunihurumia ni vizuri ujue unaandikiwa na nani, maana mimi ndiye kinyozi bora kuliko wote waliowahi kushika mashine tangu binadamu waanze kuota nywele, na sisemi hivi kwa majivuno, nasema kwa sababu ni kweli na mtu wa kunibishia hajazaliwa. Shule niliiacha kabla haijaniacha yenyewe, lakini niletee kichwa kilicholala vibaya kama godoro la kukodi, nitakurudishia kichwa cha bwana harusi. Wapo walioingia kwangu wameachwa na wachumba, wakatoka, wakarudiwa jioni hiyohiyo. Hata mke wangu nilimpata hivyo, alimleta baba yake kunyolewa, akabaki anautazama mkono wangu unavyocheza. Yeye anasema alikuwa anatazama saa ya ukutani kwa sababu nilikuwa nawachelewesha, lakini wewe na mimi tunajua.

Sasa tuje kwenye tatizo, na naomba usinicheke, au ucheke sasa hivi, kwa sababu huko mbele hapachekeshi.

Kibanda changu kina kiti kimoja cha kunyolea, kioo kikubwa ukutani, benchi la wanaosubiri, redio ya umeme, na Inspekta. Inspekta ni kaka yangu, tumbo moja, yeye wa kwanza mimi wa mwisho. Alizaliwa na hali ambayo madaktari wana jina lake refu, sisi nyumbani tulisema tu kwamba akili yake inatembea, haikimbii. Macho yake yameinuka kidogo pembeni, vidole vifupi, ulimi mzito, na kicheko chake huanza kabla ya kichekesho chenyewe. Wazazi walipofariki alihamia kwetu, ana chumba chake, na kazi yake kibandani ni kushika kioo kidogo. Nikimaliza kunyoa, anasimama nyuma ya mteja na kukiinua ili mteja aone kisogo chake kwenye kile kioo kikubwa. Jina la Inspekta lilitoka hapo, kwa sababu yeye hasemi "umependeza" kama wasaidizi wa vinyozi wengine. Anainama, anakodoa macho, halafu anatoa hukumu.

"Huku kumepanda."

"Wapi, wewe?" nambishia.

"Huku. Kwa sikio hili. Umelewa?"

Benchi zima linacheka, na mteja haondoki kitini mpaka Inspekta aseme, "Ruhusa." Siku moja nilimwambia nitamfukuza kazi, akanijibu, "Nifukuze. Ila nyoa vizuri."

Basi, mke wangu ni fundi cherehani, anashonea nyumbani pale sebuleni, na akapata mimba, yetu ya kwanza, na mimi niliwatangazia wateja kabla hata wakwe hawajajua. Kliniki nilikwenda naye, nimejichonga ndevu kama vile ni mimi ninayekwenda kupigwa picha. Yule dada wa mashine ya picha alikuwa anacheka na mimi vizuri tu, nikamuuliza kama mtoto ana nywele za kutosha nianze kujiandaa, akacheka, kisha akaacha kucheka. Akawa anapima shingo ya mtoto kwa nyuma, anapima, anarudia, nami nikasema, "Dada, hapo niachie mimi, visogo ndiyo kazi yangu." Akaendelea kupima.

Wakachukua damu ya mke wangu, baadaye wakaturudisha na kumchota kwa sindano yale maji anamoogelea mtoto. Majibu yakaja. Mtoto yuko kama Inspekta.

Daktari, mama mmoja mpole, akatukalisha akatueleza kwamba hakuna aliyekosea, si mke wangu wala mimi, kwamba wataangalia na moyo wa mtoto kwa sababu watoto hawa wengine huzaliwa na moyo wenye matatizo, kwamba wapo wazazi wanaoendelea na mimba na wapo wasioendelea, na kwamba yeye hawezi kutuchagulia. "Rudini Ijumaa, wiki mbili kutoka leo, tuzungumze," akasema, "na msione aibu kuuliza chochote." Mimi nikamuuliza choo kiko wapi.

Nyumbani mke wangu akaweka mkono juu ya cherehani bila kushona, akaniambia, "Wewe unasemaje?"

"Nasema tule kwanza."

"Sikutanii. Nakuuliza wewe kwa sababu wewe umekua naye. Mimi nimekuja kumkuta mtu mzima anajiogea mwenyewe. Kukoje? Niambie kweli."

Nikamwambia kweli yangu ni kwamba njaa inauma. Akaniuliza tena kesho yake, nikaigiza sauti ya yule daktari. Siku nyingine mama yake alipiga simu, nikamsikia mpaka nilipokuwa nimekaa, anasema hiyo ni damu ya ukoo wa kina fulani, yaani mimi, na kwamba mwanawe aitoe mimba mapema kabla tumbo halijasimuliwa mtaani. Mke wangu akakata simu akanitazama. Mimi nikaanza kupiga mluzi.

Kwa hiyo swali ambalo sikuweza kulijibu sebuleni kwangu nikalipeleka kazini, mshauri, si ndiyo akili hiyo? Nikawa nawauliza wateja eti kuna jamaa mmoja, mteja tu, mkewe amepimwa. Wote walijua ni mimi. Watu walikuwa wema, walijifanya hawajui.

Na hapa lazima nikueleze kitu cha vinyozi. Mashine ikinguruma ni kama pazia. Mambo ambayo hutaki benchi liyasikie unayasemea pale kitini, mashine inayafunika. Siri nyingi za mtaa huu nimezisikia hivyo, za ndoa, za magonjwa, na Inspekta akisimama na kioo chake nyuma haambulii kitu, tumemzoea hivyo, tunaongea juu ya kichwa chake kama watu wanaoongea juu ya ukuta.

Siku hiyo kitini alikuwa mzee mmoja, askari jela mstaafu, mzito wa masikio kidogo. Nikamletea ile hadithi ya jamaa. Akasikiliza, akasema kwa ile sauti yake ya gwaride, "Mwambie huyo jamaa yako, mimi nilikuwa zamu kwenye lile jengo la wanaosubiri kunyongwa. Chai nilikuwa nawapelekea mimi. Wengine waliua kweli, sikatai. Lakini kila mmoja alisomewa kosa lake, akaulizwa ana la kusema. Huyo mtoto kosa lake nini?"

"Mzee," nikamchokoza, "wewe ndiye ulikuwa unawasindikiza kwenye kamba, leo umekuwa mtetezi?"

"Ndiyo maana nakuambia. Unadhani hilo nimelijulia wapi?"

Benchi likaguna, wapo waliosema "ehee". Mleta mikate, kijana mwenzangu, naye akadakia kutoka mlangoni, "Sawa mzee, lakini wewe hutamlea. Hao wazazi wakizeeka nani atamvalisha? Wakifa, je? Mtoto hana kosa, na mama naye hana kosa, mbona huyo humtetei?"

"Mama namwonea huruma," akasema mzee, "ila huruma ya kumwondoa mtu sijaizoea. Na nimejaribu kuizoea, ilikuwa kazi yangu."

Watu wakacheka, wakamshangilia, mzee ameshinda. Nami sipendi kushindwa kwenye kiti changu mwenyewe. Mashine inanguruma, nikainama nikamjibu kwa nguvu kwa sababu ya masikio yake, na nilichosema nitakuandikia kama kilivyo, kwa sababu nimeshakirudia kichwani mpaka kimechakaa: "Wewe huwajui hawa! Mimi nimebeba mmoja maisha yangu yote na nimechoka! Kama mama angepimwa zamani zile, huyu angeondolewa mapema tukapumzika!"

Na katikati ya maneno hayo umeme ukakatika. Mashine kimya. Maneno yote ya mwisho yakatoka peke yake, makubwa, kama mtu aliyetoka bafuni akidhani nyumba haina watu.

Inspekta alikuwa amesimama nyuma ya mzee, kioo ameshakiinua, anasubiri zamu yake.

Yule mzee akajifungua shuka shingoni mwenyewe, kichwa nusu, akainuka. Inspekta akamwambia, "Mzee, bado. Upande mmoja bado." Mzee akamshika bega, akatoka hivyohivyo na nusu kichwa chake mpaka kwake.

Kaka hakulia. Afadhali angelia, ningejua la kufanya, nina utani wa kutosha wa watu wanaolia. Alifagia nywele, akafuta kioo, akakitundika. Kesho yake asubuhi nikasikia hodi. Nikaenda mlango wa mbele, hakuna mtu. Hodi tena. Alikuwa yeye, anabisha kutokea ndani ya chumba chake mwenyewe, anauliza, "Naweza kutoka?" Mezani akauliza, "Naweza kula?" Mke wangu akaacha kijiko. Tangu siku hiyo anaomba ruhusa kwa kila kitu, kukaa, kunywa maji, kucheka. Na kazini, mshauri, kazini hakosoi tena. Kila kichwa anasema "ruhusa". Juzi nilimharibia mteja makusudi, laini ya kisogoni nikaipindisha hata kipofu angeiona, nikasubiri aniambie umelewa. Akainua kioo, akatazama sana, akasema, "Ruhusa."

Mke wangu aliipata habari kwa mleta mikate. Hakunipigia kelele, na hilo ni baya zaidi. Akasema, "Mimi nilikuuliza hapa ndani, tena kwa upole, ukaenda kunijibu huko, mbele ya watu, mbele yake. Ijumaa sitakaa na wewe kwa daktari mpaka umemalizana na kaka yako. Siwezi kupanga habari ya mtoto huyu na mtu asiyejua amsemeshe vipi huyu wa kwanza tuliye naye."

Sasa ombi langu ni dogo. Mke wangu humsomea kaka ukurasa wako kila unapotoka, huku kaka akimpangia vifungo vya nguo kwa rangi, na kaka anakupenda sana, hucheka matatizo ya watu mpaka anapaliwa. Nakuomba uandike, kama unavyojua kuandika, kwamba umeme ni kitu kibaya, unaweza kumkata mtu katikati ya sentensi, kwamba huyo kinyozi alikuwa anaelekea kusema jambo zuri na giza likamwahi. Nimeshamweleza mwenyewe hivyo. Nimewaeleza wote hivyo. Nilimwambia, "Kaka, umeme ulinikatia, nilikuwa bado sijafika kwenye 'lakini'."

Akanitazama, akafikiri, unajua anavyofikiri, mdomo wazi kidogo. Akasema, "Redio ilikuwa inaimba."

Basi. Ilikuwa inaimba. Umeme haukukatika, mshauri. Mashine niliizima mimi kwa kidole gumba changu, kwa sababu mzee alikuwa ananishinda na benchi linacheka, nami nikataka nisikike mpaka mlangoni. Na kabla ya kuizima niliinua macho kwenye kioo kikubwa, nikamwona kaka amesimama pale, ananitazama, anatabasamu anasubiri kazi yake. Nilimwona. Halafu ndiyo nikazima.

*

Kijana,

Barua yako imenichekesha mpaka katikati, na hilo nalo nakulaumu. Umenishika mkono kwa mizaha, ukanipitisha uwanjani, ukanifikisha kwenye mlango ambao hukutaka kuufungua mwenyewe. Ndivyo unavyowafanyia watu wote, naona. Mkeo anakuuliza jambo la maisha, unamjibu kwa njaa. Daktari anakupa nafasi ya kuuliza, unauliza choo.

La umeme sitaliandika. Mimi si mdomo wako wa akiba.

Nakupa pole, maana umepokea habari nzito na hukuwa na mtu wa kulia naye. Uchovu uliousema inawezekana ni wa kweli pia. Kuishi na ndugu anayehitaji mkono wako kila siku kunachosha, na anayekwambia hakuchoshi hajawahi kuishi naye. Ungemwambia hivyo mkeo sebuleni, ingekuwa kauli ya mtu mzima. Ulipoisemea benchi ili ushangiliwe, ikawa kofi.

Sasa nisikilize, kwa sababu umeyafunga mambo mawili kwenye mzigo mmoja. La kwanza: je, ninyi wawili mwendelee na mimba hii? Hilo ni swali gumu, na kuliuliza si aibu. Wazazi wenye akili zao na imani zao wameketi mbele ya daktari na majibu kama yenu. Wapo walioendelea, wapo ambao hawakuendelea, na huniandikia wote. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba aliamua kirahisi. Yule mzee wa jela kasema neno zito, mleta mikate naye kasema neno zito, na hakuna kati yao atakayeamka usiku mtoto akilia. Sitakuamulia mimi pia.

La pili: je, kaka yako alistahili kuzaliwa? Hilo si swali. Hakuna daktari aliyekuuliza, mkeo hakukuuliza, ukalileta wewe mwenyewe kwa sababu lilikuwa karibu na mkono na ungeshinda nalo. Na mtu uliyemtumia kama hoja alikuwa amesimama nyuma yako akisubiri kukufanyia kazi. Unasema akili yake inatembea. Ilifika kwenye redio kabla yako.

Fanya hivi. Kibanda kifunge leo. Mtafute nyumbani, mchana, mkeo awepo ikiwa kaka yako anataka. Usibebe zawadi. Usianze na kichekesho. Mwambie kwa maneno mafupi: umeme haukukatika, nilizima mimi, nilikuona, nilisema jambo baya, kisha nikakudanganya. Ukifika hapo nyamaza. Hiyo "lakini" yako iache hukohuko. Anaweza kukuuliza kama ulimaanisha. Usikimbilie "hapana" ili upone haraka. Mwambie kwamba siku ile ulitaka kushinda kuliko ulivyomtaka yeye, na kwamba unaona aibu. Anaweza kukasirika. Mwache akasirike, ana haki hiyo kama kaka mkubwa yeyote, na usimharakishe akuchekee ili wewe ulale. Na asubuhi akibisha hodi tena, usimjibu "ndiyo, toka". Mwambie kwamba nyumba ni yake na haombi, umwambie hivyo kila siku bila kuchoka, hata ikichukua muda mrefu kuliko unavyopenda.

Baada yake, na kama yeye ameridhia, wakute wale wa benchi na uwaambie nani aliyezima mashine. Ulimdhalilisha mbele yao, ukiri mbele yao. Yule mzee mfuate kwake, ukammalizie kichwa.

Jibu hili nimekutumia wewe kwanza, kwa hiyo usingoje uone barua yako imechapwa. Gazeti hufika mtaani kabla vinyozi hawajafungua, na humu sijabadilisha neno. Likisomwa kabla hujasema, kaka yako atausikia ukweli wako kwa mdomo wa mtu mwingine.

Kisha mjibu mkeo lile alilokuuliza. Hakukuomba kura, amekuuliza kukoje kukua na kaka yako. Mweleze yote: siku ulizomwonea aibu mbele ya marafiki, siku ulizochoka, siku alizokuokoa kutoka kwenye majivuno yako, na kwamba hakuna mtu mwingine anayethubutu kukwambia umenyoa vibaya. Usiyapake rangi. Anataka kujua anachokiendea au anachokiacha, na wewe ndiye pekee unayejua. Mama mkwe mwambie kwa adabu kwamba hali hii mara nyingi haitokani na ukoo wa mtu, na daktari atalieleza vizuri kuliko sisi. Atakayewaletea dawa za kificho za mtaani mtoeni nje, ziliwahi kuwazika wanawake wazima. Kwa daktari ulizeni kuhusu moyo wa mtoto, msaada uliopo, nani atamshika mkono mkizeeka, sheria inaruhusu nini na hairuhusu nini, na mwili wa mkeo utapitia nini kwa kila njia. Mwili ni wake, kwa hiyo neno lake ndilo linatangulia. Lako linafuata, lakini lazima liwepo.

Ijumaa, ikiwa atakubali mwende pamoja, kaa kiti cha pembeni. Daktari akimgeukia mkeo, funga mdomo. Mkeo akikugeukia wewe, ufungue.